Risala ya wafanyabiashara wadogo wa mpakani: kabla ya kututoa, tuingizeni kwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi,

 Tunakushukuru kwa kukubali kukaa nasi chini ya turubai hili badala ya ukumbini. Ukumbi upo, lakini leo ni siku ya gulio, na mwenye nyanya hawezi kuziacha juani akakae kwenye kiti cha plastiki mpaka mchana. Tunawakaribisha na ndugu zetu mliovuka asubuhi hii kuja kutusikiliza. Mmevuka vipi, hatutawauliza mbele ya mgeni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafanyabiashara wadogo wa soko hili. Nauza vitunguu. Wenzangu wamenitaka nisome polepole na nisiongeze la kwangu, nami nimeahidi, ingawa wanaonijua wameshaanza kucheka. Kabla ya kuandika tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, risala isitaje jina la soko letu, wala la kituo, wala la mtumishi yeyote. Hatukuja kumchongea mtu, na kesho tutavuka tena na kukutana na sura zile zile. La pili, tusikuombe mtaji, wala mizinga ya nyuki, wala pikipiki ya kikundi. Risala nyingi huishia huko, na mgeni akishaahidi pikipiki hakuna anayekumbuka tena ukurasa wa kwanza.

Mheshimiwa, wewe ni mbunge. Tunasikia vijiweni, na tunatumiwa kwenye simu, maneno kwamba Tanzania ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila jirani akizuia mahindi yetu, au sisi tukizuia bidhaa yake, maneno haya huchipua upya. Tumeona tuyajibu mapema kabla hayajafika Dodoma, kwa sababu yakifika huko yatajadiliwa na watu ambao, kwa heshima zote, hawajawahi kuvusha gunia.

Jibu letu ni kwamba tusitoke. Lakini usituelewe vibaya ukaenda kuandika kwamba wananchi wa mpakani wanaipongeza Jumuiya. Hatuipongezi. Tunasema tusitoke kwa sababu sisi bado hatujaingia. Nchi imeingia, bendera zimeingia, malori makubwa yameingia. Sisi wa magunia manane tuko mlangoni mwaka wa ishirini na kitu huu, tumeshika karatasi, na sasa tunasikia watu waliomo ndani wanabishana kama tutoke.

Nieleze. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini Machi 2004 ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Mwaka huo kifungua mimba wangu alikuwa darasa la pili. Sasa ana mtoto mgongoni. Itifaki ya Soko la Pamoja ikafuata tarehe 1 Julai 2010. Kwa karatasi hizo, kitunguu kilicholimwa Mang'ola kinakwenda Kenya bila ushuru wa forodha, kama ambavyo sabuni iliyotengenezwa Kenya inakuja kwetu. Na sisi wadogo tukafikiriwa: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kama shilingi milioni tano hivi za kwetu, unavuka kwa cheti cha uasili wa bidhaa kilichorahisishwa. Kinatolewa hapo hapo mpakani, bila malipo na bila wakala. Hakifuti ukaguzi wa mimea wala taratibu nyingine za upande wa pili. Hilo tunalijua, hatudai mbingu. Kinasema tu kwamba kitu hiki ni cha nyumbani.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, nilifika mpakani saa mbili asubuhi na magunia manane. Mnunuzi wangu ni mwanamke mwenzangu wa upande wa pili. Tumefanya biashara miaka tisa bila kuandikishana hata kipande cha boksi. Siku hiyo alikuwa amesimama mahali ninapomwona. Yeye ameshika simu, mimi nimeshika simu, tunaongea huku tunatazamana. Dirisha la kwanza nikaambiwa fomu za cheti zimekwisha. Zimekwisha lini? Wiki iliyopita. Zitakuja lini? Zikija. Nikashauriwa nitafute wakala, na wakala akanitajia ujira ambao ukiugawa kwa magunia manane, faida ya kila gunia imeshaliwa kabla halijanyanyuliwa. Dirisha la pili likataka cheti cha afya ya mimea. Ninacho, nimekikata jana yake. Lakini kiliandikwa magunia kumi, nami nilikuwa nimeuza mawili njiani kupata hela ya gari. Idadi hailingani, mama. Rudi ukakate kingine.

Mvua ilianza saa nane. Kitunguu, mheshimiwa, hakigombani na jua, kinagombana na unyevu. Gunia likilowa leo, keshokutwa ukilegeza kamba harufu inakupokea kabla ya macho, na vile vya katikati vimeshalainika shingo; ukikibonyeza kimoja kwa dole gumba, dole linazama. Nikakodi turubai. Saa kumi na mbili jioni akaja kijana wa bodaboda, akazunguka mzigo mara mbili bila kusema neno, akanitajia nusu ya bei. Nikakubali. Ningefanyaje?

Asubuhi mwenzangu wa upande wa pili akanipigia simu. Amevipata vitunguu vyangu! Alivitambua kwa mshono: mimi hufunga mdomo wa gunia kwa kamba ya katani, mafundo matatu, kama alivyonifundisha marehemu mama. Vilipita usiku njia za panya, gunia moja moja nyuma ya pikipiki, na yeye kavinunua kwa bei ya juu kuliko ile tuliyopatana.

Kwa hiyo vitunguu vilivuka. Nilibaki mimi na vyeti vyangu. Serikali mbili zilizokaa madirishani siku nzima hazikupata hata senti moja, na hazina hata kumbukumbu kwamba magunia manane yalipita. Ndiyo maana mtu akituambia biashara kati yetu na Kenya imepanda au imeshuka kiasi fulani, sisi hutazamana tu.

(Hapa wenzangu waliandika nitaje na lumbesa, lile gunia la kujaza kupita kipimo. Lumbesa imekatazwa pande zote mbili, na pande zote mbili ipo. Nimeitaja.)

Sasa, wanaotaka tutoke si wajinga, na baadhi yao wako hapa wamekaa nasi. Wanayo sababu, na ya kwanza ni mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye ikaruhusu, kwa masharti ya vyeti. Kwenye gazeti siku chache ni chache. Kwa mwenye lori la kukodi ni gharama ya kila siku, ni dereva wa kulishwa, ni mkopo unaohesabu usiku na mchana. Na mambo hayakwisha kwa siku hizo: Mei mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi, mahindi yaliyokwama mpakani yalikuwa bado ni mazungumzo, na Rais Uhuru Kenyatta akawapa mawaziri wake majuma mawili wayamalize. Ilibidi marais wawili wakutane ili gunia lisogee.

Sumukuvu si uongo, tusidanganyane. Mwaka 2016 iliua watu hapa hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Hatumlaumu mtu kuogopa kula sumu. Tunauliza kipimo kiko wapi. Mkulima anavuna, anaanika chini, anapakia, anasafiri siku nzima, halafu anapimwa mahali ambapo akishindwa hana pa kurudi na mzigo. Na kipimo cha upande huu hakiaminiwi upande ule, ingawa wote tuko Jumuiya moja na nchi zote mbili zimeandika kwamba viwango vitatambuana.

Lakini tukilia kwa mahindi yetu, tulie na kwa vifaranga vyao. Oktoba 2017, pale Namanga, upande wetu, vifaranga zaidi ya 6,000 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto kwa hofu ya mafua ya ndege. Siku zile zile ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walioingia kutafuta malisho walipigwa mnada na serikali yetu. Kila nchi ilikuwa na sheria yake ya kuonyesha. Mmasai wa upande huu na wa upande ule ni ukoo mmoja, na ng'ombe hasomi ramani. Siku zile hatukusikia mtu huku kwetu akisema Kenya ijitoe kwa sababu imeonewa.

Na Julai 2025 serikali yetu ikawapiga marufuku wasio raia kufanya biashara 15 ndogo: uwakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, saluni na nyinginezo. Soko hili lilishangilia. Nami nilishangilia, siwezi kuficha mbele ya watu wanaonijua. Jioni yule mwenzangu wa upande wa pili akanipigia. Hakugomba. Aliuliza tu, "Na wewe mama ukija kuuza huku kwetu, wewe ni raia wa wapi?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata simu. Mpaka leo sijamjibu, na ninaomba serikali inisaidie jibu, kwa sababu amekaa pale mstari wa pili.

Sababu nyingine tutazipita haraka. Wapo wanaoogopa ardhi. Itifaki ya Soko la Pamoja imeiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi, na sheria yetu ya mwaka 1999 haimmilikishi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ardhi ya mpakani ikiliwa, basi mtazame mihuri ya vijijini kabla ya kutazama Arusha kwenye makao ya Jumuiya. Wapo wanaoogopa shirikisho la kisiasa. Watanzania tuliulizwa mwaka 2006 na 2007 kama liharakishwe, wengi tukakataa, na kukataa kule hakukutufukuzisha. Wapo wanaosema Jumuiya imekuwa kubwa mno, nchi nane sasa, na imejipokelea vita: Kongo iliingia mwaka 2022, na Januari 2025 mji wake wa Goma ukatekwa huku wanachama wawili wakishutumiana. Hilo ni kweli na ni zito, na sisi wa vitunguu hatuna dawa yake. Na wapo wasiosahau mwaka 2013, Kenya, Uganda na Rwanda walipokuwa wanakutana bila sisi. Rais Kikwete alisimama bungeni Novemba mwaka huo, akaeleza uchungu wake wazi, akasema vilevile kwamba Tanzania haitoki. Tulimsikia kwenye redio ya muuza kahawa.

Tunaomba mheshimiwa umtazame mzee aliyekaa kwenye mkeka pale, mwenye bakora. Jumuiya ya kwanza, ile ya mkataba wa Kampala wa Juni 1967, ilimkuta kijana, ikamwajiri kwenye reli. Reli ilikuwa moja, posta moja, bandari moja, ndege moja. Mwaka 1977 ikavunjika. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na mpaka ukakaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Mzee anasema kilichomuuma si kufungwa. Ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Waliamka wakakuta kizuizi na askari, upande wa kizuizi ulikolala ndio ukawa upande wako. Dada yake alikuwa ameolewa ng'ambo. Mama yao alipofariki mwaka 1980, dada akapita porini na mtoto mgongoni, akafika siku ya tatu baada ya maziko. Mzee hupenda kumalizia kwa kusema kwamba usiku ule ule, kwa njia ile ile aliyopita dada, zilipita katoni za sabuni. Ndizo zile enzi za kupanga foleni ya sabuni na mafuta ya kupikia, na mwaka 1983 watu wakakamatwa kwa uhujumu uchumi. Mpaka ulikuwa umefungwa na magendo yalikuwa wazi.

Kisha ikaja hesabu. Mali ya Jumuiya ilisuluhishwa na Mswisi, Dakta Victor Umbricht, na mkataba ukatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kugawana kwa wakubwa kulichukua miaka saba. Kulipwa kwa wadogo? Waliokuwa watumishi wa Jumuiya hiyo, maelfu kwa maelfu, walikuwa bado wanalala nje jijini Dar es Salaam wakidai mafao yao zaidi ya robo karne baada ya kuvunjika. Wengine waliingia kwenye kesi wakiwa na mvi, wakatoka kwenye jeneza. Mzee wetu alipata sehemu. Alinunua mbuzi wanne.

Hatusemi nchi haina ruhusa ya kutoka. Yetu yenyewe si ngeni kwa kutoka: Septemba 2000 tulijitoa COMESA, lile soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, tukabaki SADC, jumuiya ya Kusini, na maisha yakaendelea. Ila COMESA haikuwa imefika jikoni kwetu. Uingereza nao walipiga kura tarehe 23 Juni 2016, asilimia 52 wakataka watoke Umoja wa Ulaya, na iliwachukua mpaka tarehe 31 Januari 2020 kutoka. Kilichowatoa jasho kuliko vyote ni mpaka wa Ireland, mpaka wa mashamba na barabara za vijijini kama huu wetu. Watu wa Ireland Kaskazini wengi walikuwa wameshapiga kura ya kubaki. Na Mali, Burkina Faso na Niger walipojitoa ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2025, jumuiya ile waliyoiacha ilibidi itangaze kwamba bidhaa na hati zao za kusafiria ziendelee kupokelewa kwa muda. Nchi zilihama, lakini mwanamke wa soko na mteja wake walibaki palepale.

Tumesoma pia utaratibu. Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya, ule uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, inasema nchi ikitaka kutoka, Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha Katibu Mkuu apewe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Kwa hiyo mheshimiwa, katika jambo hili wewe si mgeni rasmi. Wewe ni mmoja wa wale theluthi mbili. Ibara hiyo niliisoma kwa Kiingereza, kamusi mapajani, binti yangu akinisaidia, kwa sababu nakala niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza. Jumuiya yenye makao Arusha, iliyokubali mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha yake rasmi pamoja na Kifaransa! Fomu za mpakani bado zinatuongelesha lugha ya watu.

Basi tunadai, na tumechagua neno hilo baada ya ubishi, maana wazee walitaka "tunaomba".

Tunadai kwanza cheti. Kile kilichorahisishwa, cha bure, kiwepo kila siku ambayo lori la mkubwa linapita, kwa sababu hatujawahi kusikia fomu za malori zimekwisha. Kiandikwe kwa Kiswahili. Siku ya gulio mtumishi mmoja aje sokoni na meza na muhuri, atukatie hapa hapa kabla hatujapakia, na akiandika magunia kumi yakabaki manane, apate ruhusa ya kukata kwa kalamu na kutia saini pembeni badala ya kumrudisha mtu. Fomu zikikwisha, dirisha libandike karatasi inayosema zimekwisha tarehe gani na zitakuja tarehe gani, na hiyo karatasi yenyewe iwe ruhusa ya kupita. Tunajua hili la mwisho ni kubwa. Tumelijadili jioni mbili. Lakini mtu akikosea yeye, kwa nini mvua initeremkie mimi?

Tunadai katazo lolote, la kwetu au la wenzetu, lisituangukie mzigo ukiwa njiani. Liandikwe, libandikwe sokoni, lipewe siku 14 kabla ya kuanza, na mzigo uliokwisha kukatiwa vyeti uachiwe upite. Ikiwa ni ugonjwa wa hatari na haiwezekani kungoja, sawa, tuzuieni saa ile ile, lakini anayezuia amfidie mwenye kitu kinachooza. Kama fidia haiwezekani kati ya nchi mbili ndugu, tuelezwe udugu huo maana yake nini. Na kipimo cha sumukuvu kiletwe kwenye maghala ya vijijini, kabla ya kupakia, kwa cheti ambacho Nairobi na Dodoma wote watakikubali.

Tunadai kuvuka kwa kitambulisho cha Taifa. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vyao. Sisi tunatakiwa pasipoti au hati ya muda, na hati ya muda ina foleni yake na bei yake, kwa mtu anayekwenda mita mia tatu kuchukua hela ya vitunguu.

Tuliambiwa pia kwamba mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, ila ndani ya miezi miwili tangu lilipotokea jambo. Nauli ya Arusha tunayo. Miezi miwili ile mimi nilikuwa bado nalipa deni la turubai. Tunadai mtu wa kutusaidia kuandika, kama vile wenye viwanda wanavyo wanasheria wao, na tunadai wabunge wetu tisa wa Bunge la Afrika Mashariki waje hapa siku ya gulio angalau mara moja kwa mwaka. Hatutawapa risala. Tutawapa tu kiti karibu na mizani.

Na ikiwa, pamoja na haya yote, azimio la kujitoa litafika mezani kwako, usipige kura kabla hujaja huku. Uje bila msafara. Uulize katika kila soko la mpakani, Namanga na Holili, Sirari na Horohoro, Mutukula na Kabanga, watu wangapi watakula nini kesho yake. Uwaulize na wenye ndugu ng'ambo, na mzee wa mkeka kama atakuwa hai. Ukitoka hapo ukaona bado theluthi mbili inakuita, nenda, hiyo ni haki yako. Ila miezi 12 ile ya taarifa tutaihesabu kwa majina, ng'ombe kwa ng'ombe na gunia kwa gunia, na tutaileta Dodoma.

Mheshimiwa mgeni rasmi, risala imefika mwisho na chai iko tayari, lakini tunaomba chai ingoje kidogo. Nyuma ya gari lako nimepanga magunia sita, mafundo matatu kila moja. Cheti cha afya ya mimea kimeandikwa sita, nimehakikisha mara mbili. Thamani yake haifiki hata dola 500. Mwenzangu atarudi upande wake sasa hivi atungoje pale anaposimama siku zote. Tumekuletea kofia ya kawaida na koti la mvua. Uvae, usiwaambie wewe ni nani, ushike karatasi na mimi nishike mzigo, twende dirisha la kwanza tukaulize kama fomu zipo.